Nyumba ya Kumi

Msomaji, Bi Tochi bado amepiga magoti pale pale ulipomwacha Jumamosi iliyopita: uani mwa nyumba mpya, mfuniko wa zege umewekwa kando, tochi mkononi mchana kweupe, macho ameyakaza kwenye kioo cha mita ya maji.

Jikoni, bomba alilolifungua kwa mkono wake mwenyewe lilikuwa likimwaga maji. Aliyasikia yakipiga kwenye sinki. Lakini kinyota chekundu cha katikati ya mita, kile kinachozunguka hata kwa maji ya kujaza kikombe, kilikuwa kimetulia kama kimechorwa.

Na juu ya kioo kilikuwa kimeanguka kile kivuli cha mtu.

"Shemeji," mwenye kivuli akasema, "umedondosha nini humo?"

Alikuwa mdogo wa mumewe. Nyumbani wanamwita Kasi, kwa sababu tangu mtoto hakuwahi kutumwa dukani akaenda kwa kutembea. Ndiye aliyetangulia kuja katika mji huu miaka mitatu iliyopita. Ndiye aliyekuwa akipiga simu kila Jumapili kuusifia, jinsi majengo yanavyoota kama uyoga na kazi zinavyomtafuta mtu badala ya mtu kuzitafuta. Na ndiye aliyewatafutia nyumba hii.

"Sijadondosha kitu," Bi Tochi akajibu bila kuinuka. "Nasoma mita."

"Hata likizo?"

"Mkono umezoea."

Kasi akacheka peke yake, kisha akakoma. Akakata shauri, akaingia ndani mbio mbio, na mara ile sauti ya maji jikoni ikakatika.

Bi Tochi aliliweka hilo akilini. Katika miaka kumi na minne ya kuingia nyua za watu hajawahi kumwona mtu mwenye maji ya bomba akilikimbilia bomba namna ile, kama anayekimbilia maziwa yanayofurika jikoni.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: Bi Tochi ni msoma mita wa idara ya maji katika mji mdogo, mwendo wa saa saba kwa basi kutoka hapa. Mumewe ni seremala. Wana watoto watatu. Wanaishi katika nyumba aliyoiacha mama mkwe, aliyefariki miezi saba iliyopita, na yupo mnunuzi anayeitaka nyumba hiyo pamoja na karakana iliyo uani. Mnunuzi ametoa muda mpaka leo saa kumi jioni, halafu anakwenda kununua kwingine. Seremala anasubiri neno moja tu kutoka kwa mkewe. Akisema ndiyo, saini inatiwa, familia inahamia huku. Akisema hapana, wanabaki kwao.

Saa ilikuwa saba na nusu mchana.

Agizo la kuja kukagua kwanza lilitoka kwa mama mkwe mwenyewe. Alikuwa amelala kwa ubavu, sauti imebaki nusu. "Kasi atawavuta mwende kwake," alisema. "Mwanangu huyo hawezi kuishi bila watu. Msimkasirikie. Ila utangulie wewe, ulale huko, unywe maji yao, uulize mambo haya." Akamtajia maswali sita. Bi Tochi aliyaandika nyuma ya daftari lake la kazi, na tangu jana alikuwa akiyapitia moja moja kama anayepita nyumba za mtaa.

Swali la shule alikwisha kulipatia jibu. Dalali wa nyumba hizi alimwambia ni dakika kumi kwa miguu. Asubuhi alitembea mwenyewe, saa mkononi, dakika hamsini na mbili, akafika mahali penye kuta nne na kibao kizuri cha rangi ya bluu. Paa halikuwepo.

Swali la kazi ya mumewe nalo alilijibu mwenyewe. Kasi aliapa kwamba maseremala hapa wanagombaniwa. Bi Tochi akaugonga mlango wa chumbani kwa kifundo cha kidole, kama mumewe afanyavyo kabla ya kutaja bei. Ukalia mtupu kama debe. Milango yote ya mtaa ilikuwa ndugu wa huo, imetoka kiwanda kimoja, ikaja kwa lori moja.

Sasa alikuwa kwenye swali la maji.

Dalali alitoka nyuma ya nyumba akijifuta viatu kwa karatasi. Alikuwa mtu wa viatu vya kung'aa katika mtaa wa vumbi, na muda mwingi wa kazi yake aliutumia kuvipangusa.

"Yule mwalimu aliyehama hapa," Bi Tochi akamwuliza, "ulisema alikaa muda gani?"

"Miaka miwili na zaidi, mama. Na mkewe, watoto wanne, na shangazi yao."

"Watu saba."

"Saba. Tena wasafi, nakwambia. Kufua kila siku."

Bi Tochi akamulika tarakimu. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, tatu.

"Uniti tatu," akasema. "Nyumbani kwangu tuko watano, uniti tatu tunazimaliza kwa wiki. Hawa saba wamekaa nazo miaka miwili. Walikuwa wanaoga kwa mate?"

Dalali akakohoa. Akasema mita imekufa, mita za siku hizi ni hovyo, zinakufa hata kabla ya kuzaliwa. Akatoa na mifano ya mitaa mingine ambako zimekufa.

Bi Tochi hakubishana naye. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wa kioo, akabandua taratibu utando mwembamba wa nailoni, ule ambao kiwanda huubandika ili kioo kisikwaruzwe safarini. Ulitoka mzima mzima. Akamnyooshea dalali.

"Msoma mita hajawahi kufika hapa," akasema. "Hata mmoja. Huu tunaubandua siku ya kwanza."

Msomaji, wapo watu wanaosoma viganja. Bi Tochi hasomi viganja. Lakini mpe mita ya nyumba atakwambia mtoto amezaliwa lini na mgeni ameondoka lini. Nyumbani kwake aliyaona maji yakipanda miezi mitatu mfululizo, miezi ya kufua mashuka ya mama mkwe asubuhi na jioni. Kisha mwezi uliofuata akafunua mfuniko wake mwenyewe, kama kawaida ya kazi, akaandika tarakimu, akatoa hesabu ya kawaida, na uniti nne hazikuwepo. Alikaa pale chini kwa muda mrefu. Alijua ni maji ya nani.

Kwa hiyo mita ikimwambia kwamba nyumba hii haijawahi kulala mtu, hahitaji shahidi wa pili.

"Mwalimu hakuwepo," akasema.

Dalali akatazama saa yake. Akasema ana wateja wengine wanaoijua thamani ya kitu, kwamba mji huu haumsubiri mtu, anayesitasita leo kesho atakuta pameota ghorofa. Akageuka kuondoka. Akiwa getini akatupa neno nyuma ya bega, bila hata kumtazama aliyekuwa akimsemesha.

"Mlinzi, mama akimaliza funga nyumba. Na ufunguo uurudishe kwenye msumari wake."

Kasi alikuwa amerudi, amesimama kwenye mlango wa jikoni.

Bi Tochi alimtazama shemeji yake kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Kasi, msimamizi wa ghala la vigae mwenye watu kumi na wawili chini yake. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisikia kila Jumapili. Sasa akaviona vile viatu vizito vya mpira, na lile furushi la funguo lililovimbisha mfuko wa suruali. Akakumbuka kwamba tangu alipofika jana hakukaribishwa kwa Kasi hata kwa kikombe cha maji. Nyumba inapakwa rangi, aliambiwa, harufu ni kali. Wakampeleka kulala kwa jirani.

"Unakaa wapi, Kasi?"

Kasi akaonyesha kwa kidevu. Pembeni ya geti kubwa la mtaa palikuwa na kibanda cha mabati chenye dirisha moja la kuchungulia magari.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja."

"Na ghala la vigae?"

"Vigae vilikuwepo," akasema Kasi. "Nilivilinda. Vikaisha kubandikwa."

Kungekuwa na mtu wa tatu pale, pengine wangecheka. Bi Tochi hakucheka. Alimwambia shemeji yake amletee ngazi, anataka kuona tangi la juu ya paa. Kasi akasema ngazi imevunjika. Bi Tochi akasema basi atazunguka nyuma kuitazama ilivyovunjika.

Ngazi ilikuwa nzima, imeegemezwa ukutani. Ardhi ya chini yake ilikuwa tope, na mtaa mzima ulikuwa mkavu kama unga. Kwenye lile tope palikuwa na alama za mviringo, nyingi, zimepandana, kubwa na ndogo. Matako ya ndoo. Kati ya alama hizo zilikuwamo nyayo: za kandambili, za watu wazima pekupeku, na nyingine ndogo kuliko kiganja chake. Zote zilitoka kwenye uwazi wa ukuta na kuishia kwenye ngazi.

Watu wengi walikuwa wamelijaza tangi lile kwa mikono. Walilijaza ili kesho yake mgeni afungue bomba na kuona maji.

Ndipo aliposikia mkwaruzo.

Upande wa jikoni, pale maji ya sinki yanapomwagikia nje, alikuwa amechuchumaa mwanamke. Mbele yake palikuwa na ndoo. Mkononi ameshika kopo. Alikuwa akiyachota maji yale ya Bi Tochi, yale aliyoyaachia yatiririke ili aitazame mita, kabla ardhi haijayanywa yote.

Mwanamke yule alikuwa mwenyeji wake. Muuguzi mstaafu, jirani aliyemlaza jana kwenye kitanda chake na yeye mwenyewe akalala kwenye mkeka. Mtaa mzima wanamwita Bi Muuguzi, na yeye mtaa mzima anauita mpenzi: mtoto mpenzi, dalali mpenzi, kuku mpenzi. Ni mtu wa maneno laini na vidole vigumu.

Hakushtuka. Alimalizia kopo lake, akalimimina ndoni, akasimama kwa kushikilia kiuno.

"Umeachia nyingi mno, mpenzi," akasema. "Roho iliniuma."

Bi Tochi akalitazama lile kopo. Alikuwa amejiandaa kumkuta tapeli, akamkuta mama wa watu ana matope hadi kwenye magoti.

"Kuna maji hapa au hakuna?" akauliza hatimaye.

"Njoo kwangu unywe chai. Uniulize chochote. Sasa hakuna haja ya kufichana."

Neno hilo, sasa, lilimpitia Bi Tochi sikioni na kutoka. Wewe, msomaji, likamate.

Kwa Bi Muuguzi palikuwa safi kama wodi. Mapipa matatu ya plastiki yamepangwa ukutani, kila moja na kifuniko na kipande cha kitambaa juu yake. Kwenye dirisha palikuwa na kidude cha sola, kitu pekee cha umeme kwa mtaa mzima, kwa sababu nguzo za umeme zipo lakini nyaya bado. Hapo ndipo jana jioni Bi Tochi alipoacha simu yake ichajiwe. Alirudishiwa leo asubuhi imejaa, imepanguswa na kuvingirishwa kwenye leso. Alijisemea moyoni kwamba bado wapo watu wema duniani.

Bi Muuguzi alieleza bila kuzunguka. Mtaa una nyumba arobaini. Zenye watu ni tisa. Mabomba yamelazwa, mita zimefungwa, zikajaribiwa siku moja, na siku hiyo ndiyo zile uniti tatu zilipopita. Kisha maji yakafungwa kule barabarani. Aliyeujenga mtaa ana mkataba na kampuni ya maji: hayafunguliwi mpaka nyumba kumi ziwe na familia ndani, familia zenye watoto, zilizoandikishwa. Tisa haitoshi. Wamekwenda kulia huko mara ngapi, wanajibiwa leteni ya kumi.

"Kwa hiyo mnatembea kuchota?"

"Kilomita tatu kwenda. Kurudi ni zaidi, kwa sababu umebeba."

Familia tano zilikwisha kuja kutazama nyumba, moja baada ya nyingine. Zote ziliulizia maji kwanza, zikaambiwa kweli, zikarudi zilikotoka. Ya sita ndiyo hii ya Bi Tochi. Safari hii mtaa ulikaa kikao. Wakakubaliana mgeni asiambiwe. Kila nyumba ikatoa ndoo sita. Watoto walilala bila kuoga siku mbili. Dalali akaongeza mwalimu na shangazi kwa akili yake mwenyewe.

"Na hakuna aliyewaambia kazi yangu?"

Bi Muuguzi akamgeukia Kasi, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtuhumiwa. Kasi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alisahau. Alikuwa amezoea kumwita shemeji tu.

Hapo Bi Tochi alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu ashuke kwenye basi, na kilimshinda kukizuia. Watu arobaini na kitu wamepanda ngazi na ndoo kumdanganya mtu mmoja kuhusu maji, na mtu mwenyewe ndiye yule ambaye kazi yake ni kujua kama maji yamepita.

Kasi akaona mlango umefunguka kidogo, akaingia na maneno yake. Alisema hakutaka kuwaumiza. Alisema mama alipofariki alifika baada ya mazishi, basi lilikwama, na tangu siku hiyo hawezi kula peke yake kwenye kile kibanda. Kaka akija, watoto wakija, maji yatafunguliwa, mji utakua, na yeye ataonekana alikuwa wa kwanza kuona mbele.

"Ungesema hivyo tu kwenye simu, Kasi."

"Ningesema nakaa kwenye banda la mabati, kaka angekuja?"

"Angekuja kukuchukua."

Kasi akainama kuvitazama viatu vyake vya mpira.

Bi Tochi akafungua nyuma ya daftari. Swali la sita, la mwisho, alikuwa bado hajalipatia jibu, kwa sababu aliona haya kuliuliza. Mama mkwe alilisema akiwa amefumba macho.

"Bi Muuguzi, mtu akifiwa hapa, watu wanakutana wapi?"

Mwenyeji wake akanyoosha kitambaa kilichokuwa juu ya pipa.

"Hapa bado hajafa mtu, mpenzi," akasema. "Mtaa ni mpya."

Aliyasema kwa upole. Bi Tochi aliona mbele ya macho yake ule uwanja wa nyumbani siku ya msiba, mabenchi ya karakana yametolewa nje, mumewe anapigilia misumari ya jeneza la mama yake mwenyewe kwa sababu alikataa liguswe na mwingine. Akalifunga daftari.

Alitazama saa. Saa tisa na dakika kumi.

"Nawahurumia," akasema akisimama. "Kweli kabisa. Nikirudi kazini nitaulizia, nitajua nani wa kuandikiwa barua kuhusu maji yenu, na nitaiandika mimi. Lakini nyumba ya mama mkwe haiuzwi kwa ndoo za kujaziwa. Nampigia mume wangu asitie saini."

Alitegemea vilio au lawama. Bi Muuguzi alimimina chai nyingine.

"Kunywa kwanza. Simu haikimbii."

"Saa kumi inakimbia."

"Ipoe kidogo, mpenzi. Utaungua."

Bi Tochi akakiacha kikombe. Mtandao wa simu katika mtaa huu haushiki mahali pengine ila juu ya kichuguu cha udongo uliochimbuliwa na matingatinga, karibu na geti. Alikipanda kwa kushika viatu mkononi. Jana magharibi alimwona Bi Muuguzi akishuka kutoka hapo hapo, na alipomwuliza, aliambiwa ni mazoezi ya magoti. Alikuwa amelisahau hilo. Alilikumbuka sasa, katikati ya kupanda, na bila kujua kwa nini akaongeza mwendo.

Kasi alimfuata nyuma. Juu ya kichuguu simu ikashika. Ikaita mara moja, mara mbili. Mumewe akapokea, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo.

"Baba watoto, nisikilize vizuri. Usitie saini."

Mngurumo tu.

"Umenisikia? Hapa hakuna maji, hakuna shule, na kazi yako haipo. Usitie saini ile karatasi."

"Mama watoto," seremala akasema taratibu, "unasema nini? Nimetia asubuhi saa mbili."

Bi Tochi akavidondosha viatu. Akakaa kwenye udongo.

"Tulikubaliana usubiri mpaka nipige."

"Na ndivyo nilivyotaka. Lakini ujumbe wako ulisema nisisubiri. Umesema umeridhika na kila kitu, maji yanatoka usiku na mchana, nitie saini mapema, nipakie vitu, nije na watoto. Nikakujibu, hukujibu. Nikapiga, hupatikani. Nikajua ni mtandao." Kisha akaongeza kwa ile sauti yake ya aibu ambayo Bi Tochi aliipenda tangu wakiwa vijana: "Nimeusoma mara nne. Miaka kumi na sita hujawahi kuniita vile. Nikasema, kumbe mji umemlainisha mke wangu."

"Nimekuita vipi?"

"Si umeanza na 'mpenzi'."

Bi Tochi hakusikia yaliyofuata. Alisikia vipande tu: lori, kitanda cha mama, watoto wamelala juu ya magodoro, mnunuzi amekabidhiwa funguo. Aliitazama simu yake ndogo ya vitufe, isiyo na namba ya siri kwa sababu hakuwahi kuwa na siri. Imejaa. Imepanguswa. Imevingirishwa kwenye leso.

Akamgeukia Kasi. Uso wa Kasi ulikuwa umepauka.

"Shemeji, wallahi," akasema, "mimi nilidanganya maji tu."

Na Bi Tochi, aliyekuwa amemshuku kila mtu mtaani isipokuwa mmoja, akamwamini.

Alitazama chini. Kutoka kwenye zile nyumba tisa watu walikuwa wakitoka, mmoja mmoja, hawasemi, kila mmoja na ndoo, wanaelekea kwenye nyumba ya kumi. Mbele yao wote, mwendo wa polepole wa mtu mwenye magoti mabovu, alikuwa anakuja Bi Muuguzi. Mkononi ameshika kile kikombe cha chai, amekifunika kwa kisahani kisiingie vumbi.

Akafika chini ya kichuguu. Akainua uso, akatabasamu kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa.

"Wamefika wapi, mpenzi?"